Trekta la Adventina na Senene wa Jumamosi

Mmenisumbua wiki nzima. Huyu analeta daftari, yule analeta kalamu, wote mnasema bibi andika habari za Adventina kabla hujasahau. Nani kawaambia nasahau? Nilisoma madarasa mawili, na la pili sikulimaliza, lakini Adventina tulipakana kibanja miaka mingi kuliko umri wenu. Basi nyamazeni, mkono wangu mzito.

Adventina aliolewa na Ildefons, dereva wa trekta la kijiji chetu, huku kwetu Wahaya, upande wa Kamachumu. Ildefons alikuwa na sura nzuri, akili akapewa kidogo. Vita na Uganda vilipoanza, trekta lilichukuliwa kubeba chakula cha jeshi, naye akaenda nalo. Walirudi wote wawili wazima, ila trekta lilirudi halina wavu wa mbele, ule unaofungwa kwenye bampa kuzuia nyasi na vijiti visiingie kwenye rejeta. Kijiji kiliambiwa umepigwa na bomu. Mkewe ndiye aliyejua ukweli: Ildefons aliuchomoa mwenyewe akauweka juu ya makaa, akachomea mbuzi, na mbuzi mwenyewe wa wizi. "Alirudi ananuka nyama, siyo baruti," Adventina alikuwa akisema. Hata matangani alisema hivyo, wakwe zake wakamkodolea macho.

Maana Ildefons alikufa. Ulikuja ule ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kabla haujaitwa ukimwi, ukaingia nyumba hii ukatoka ukaingia ile, tukazika mpaka wanawake wakaacha kukunja kanga za msiba. Alipokonda na miguu ikakataa klachi, Ildefons alikuwa akikaa juu ya madigadi amejifunika blanketi, mkewe ameshika usukani, na kumfundisha kwa matusi. "Kanyaga polepole, mwanamke, hukandiki nyumba hapo!" Naye humjibu, "Wewe uliyekanyaga haraka umefika wapi?" Hivyo ndivyo walivyopendana. Alipozikwa, Adventina hakungoja tanga lianuliwe. Alipanda trekta akaenda kulima, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichoachiwa ambacho wakwe hawakuweza kukigawana.

Shida ilikuwa moja. Kila akilima kwenye rweya, ule uwanda wetu wa nyasi ndefu, mbegu za nyasi zilijaa kwenye rejeta kama pamba kwenye mto, upepo haupiti, maji yanachemka, trekta linasimama likifuka moshi kama jiko la gongo. Mwezi wa kumi, mwaka wa themanini na saba, lilichemka mara tatu. Mwenyekiti Rweyemamu akaitisha mkutano.

"Ma Adventina," alisema, "likichemka mara nyingine, usukani anachukua Mayenga."

Mayenga alikuwa Msukuma aliyekuja na samaki wakavu kutoka visiwani, akaoa kwetu, akadai kwao aliendesha trekta la pamba. Hapo alipokaa alikuwa tayari amevaa kofia ya udereva.

"Tena," Mwenyekiti akaongeza akitazama viatu vyake, "hatuwezi kumwachia kazi mtu ambaye... Unajua mwenyewe nyumba yako ilivyo."

Adventina akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Unataka kusema nitakufa. Sema tu, tata, hakuna mtoto mchanga hapa. Lakini wewe unakohoa tangu Pasaka, mbona kiti hujamwachia mtu?"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka na kigoda chake. Rweyemamu alitaka kujibu, na kikohozi kikamshika palepale. Alipotulia alikata shauri kwa hasira: Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Adventina alime ekari mbili za rweya kwa ajili ya shamba la shule. Akimaliza bila kuchemsha, kiti ni chake. Akichemsha, ashuke, asipande tena.

Adventina alijua dawa yake ni wavu. Lakini miaka ile hata sindano ya kushonea ilikuwa ya kutafuta kwa jirani, wavu wa waya utautoa wapi? Akabeba mkungu wa ndizi, akapanda basi mpaka Bukoba, akaenda nyumbani kwa Kantaben pale mtaa wa Bakoba, mke wa Vallabhdas, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki. Zamani alikuwa akimuuzia ndizi.

"Wavu ya nini?" Kantaben akauliza.

"Wa kulivalisha trekta."

"Trekta navaa nguo?"

"Likienda uchi linachemka, mama."

Kantaben akacheka, akamwonyesha kabati bovu la maziwa lenye wavu wa kuzuia nzi. Adventina aliusogeza mdomoni akapuliza. Pumzi ikamrudia usoni. Akatikisa kichwa. Nyuma ya choo akaona chekeche la mchanga walilochekechea walipojenga ukuta. Akapuliza, pumzi ikapita yote. Akatoa punje ya harage kwenye fundo la kanga, akaibonyeza kwenye tundu. Ikakwama. "Hili," akasema.

"Chukua. Vallabhdas akiuliza, mimi nasema mwizi," akajibu Kantaben, na akaupokea mkungu.

Sasa sikilizeni alivyoufunga wavu wa chekeche hilo, maana Mayenga baadaye alidai ni yeye aliyemwelekeza. Hakuubandika kwenye rejeta. Aliufunga kwenye vyuma vya bampa, akaacha nafasi ya vidole vinne katikati ili upepo ugeuke. Juu aliushika kwa vipande vya mpira wa baiskeli, chini akaweka ndoano ya waya, ili ufunguke kama dirisha, aukung'ute, aufunge tena. Kazi ya siku mbili, na vidole vilivyochanika.

Jumamosi ikafika, na alfajiri mvua ikanyesha, na senene wakaanguka, wale wadudu wa msimu tunaowakaanga.

Nyinyi mnaokula senene wa kwenye mifuko ya plastiki hamwezi kuelewa. Wakianguka, Mhaya huacha hata maiti mlangoni. Na zamani ilikuwa hivi: mwanamke anaokota, ananyonyoa mbawa na miguu, anakaanga, halafu mwanamume anakula. Mwanamke haonji. Akiokota wengi, mumewe anamnunulia nguo. Ndiyo ilikuwa sheria, na aliyeitunga bila shaka hakuokota hata mmoja.

Basi Adventina akaingia rweya, wazee wakifuata nyuma kama waamuzi, Mayenga mbele yao na kofia yake. Trekta lilipogusa nyasi, senene waliruka kwa maelfu, wa kijani na wa kahawia, wakajibandika kwenye wavu mmoja juu ya mwingine mpaka pua yote ya trekta ikawa kijani. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Adventina aliutazama, jasho likimtoka kuliko injini. Hajamaliza hata mstari wa pili.

Akasimama mwisho wa mstari ashuke kukung'uta. Hakuwahi kushuka. Rweyemamu alikuwa ameshafika mbio, kofia mkononi, akikomba senene kwenye wavu kwa viganja viwili. Wazee wengine wakamsukuma.

"Mwenyekiti, usichukue upande wote!"

"Nyamaza, mimi nimewaona kwanza!"

Kufumba na kufumbua wavu ulikuwa mweupe, mshale ukashuka. Adventina akatia gia. Mwisho wa kila mstari hali ikawa hiyohiyo: anasimama, wazee wanakimbia, wanausafisha kwa uchoyo kuliko ambavyo angeusafisha kwa ufagio. Saa sita ekari mbili zilikuwa nyeusi, na hakuna tone la maji lililochemka.

"Haihesabiki!" Mayenga akapiga kelele. "Amesafishiwa, kwa sababu ya panzi!"

"Panzi?" wazee wakamgeukia kwa pamoja. Hapo alijimaliza, maana kwetu kumwita senene panzi ni tusi.

Adventina akashuka. "Mwenyekiti, nilikuomba unisafishie?"

Rweyemamu, mifuko ya koti ikitambaa, akasema, "Hukuniomba."

"Limechemka?"

"Halijachemka."

Akafungua wavu kama dirisha. Nyuma yake rejeta ilikuwa safi, hata mguu mmoja wa senene haukuingia. Mayenga akainama, akachungulia muda mrefu, akavua kofia.

"Basi kiti ni chako," Mwenyekiti akasema. "Na hao wa mstari wa mwisho, waliobaki kwenye wavu, tupe sisi wazee."

"Hao ni wangu."

"Mwanamke hali senene, Ma Adventina."

"Mwenye mume. Wa kwangu mmemzika wenyewe. Nimpelekee huko chini?"

Akawakusanya kwenye kanga, akawakaanga jioni, akapanda juu ya kiti cha trekta katikati ya uwanja wa kijiji, akala mmoja mmoja, akitafuna kwa sauti, wakwe zake wakitazama. Hakuna aliyemshusha. Aliliendesha miaka tisa, mpaka matairi ya saizi yake yakakosekana nchi nzima.

Nimemaliza. Wewe uliyesoma umekaa, una mikono miwili: nyuma ya nyumba yangu kuna robo ekari haijaguswa tangu Januari. Njoo na jembe lako, na uje na chakula chako.