Siku Nilipotafuta Ugonjwa wa Honi

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani kwa mama, na hata hapa nilipo peke yangu masikio yananiwaka moto, maana nisipoyaandika yatabaki tumboni, na nikiyasimulia kwa mdomo nitalia au nitacheka, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Basi ninyi marafiki zangu wa bweni, nikirudi shule nitawapa daftari hili mlisome wenyewe, nami nitatoka nje mpaka mmalize. Mniahidi jambo moja tu: msinitazame usoni kabla ya chakula cha jioni.

Chanzo ni barua. Mnakumbuka siku ile ya somo la sayansi tulipowasha globu ya tochi kwa betri kavu na waya mbili? Tulikuwa watano kwenye meza moja, na kazi yangu mimi ilikuwa kushika betri isidondoke. Lakini nilipomwandikia kaka yangu Yona nilisema, "Siku hizi tunasoma umeme, na nimeshaweza kuwasha taa." Si uongo, ila si kweli pia (mnanielewa). Kaka Yona ni dereva wa tajiri mmoja mwenye duka la nguo hapa Singida mjini, na ile barua aliisoma kwa sauti mbele ya baba, mbele ya majirani zetu wote wa Mandewa, na mbele ya tajiri wake, kwa hiyo nilipofika likizo nilikuta nimeshakuwa fundi. Nikanyamaza. Mnanijua, kunyamaza ndiyo kazi yangu.

Sasa kaka Yona alikuwa amepeleka posa Ikungi kwa Mzee Njiku, akimtaka binti yake Rehema, na mzee hakusema ndiyo wala hapana, alisema tu kwamba dereva ni mtu wa barabara, leo yupo kesho hayupo, na kwamba bado anamtazama. Miezi minne anatazamwa! Kaka alikonda mpaka kofia yake ya kazi ikawa inamshukia machoni. Kisha mke wa mzee, mama yake Rehema, akateleza kisimani akavunjika mguu, akaletwa hospitali ya mjini, na siku ya kutoka ilipofika mguu ulikuwa bado umefungwa plasta nyeupe toka pajani mpaka unyayoni, hawezi kupanda basi la abiria. Kaka akaomba gari kwa tajiri, tajiri akakubali, na Mzee Njiku akatuma neno: "Mleteni mke wangu salama, halafu na huyo dereva tutazungumza." Toka hapo kaka hakulala vizuri, maana alijua kuzungumza kwenyewe kutakuwa ni kupewa Rehema au kunyimwa.

Lakini kwetu mtu hamtazami mama mkwe, hata kama posa yake haijajibiwa. Hampi mkono, hali naye chakula, hasemi naye uso kwa uso, akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Utawaweka vipi watu hao ndani ya gari moja? Mama yetu ndiye aliyeamua: katikati itundikwe kanga, dereva akae mbele, mama mkwe nyuma, na Tabitha (ndiye mimi) akae nyuma pamoja naye awe mdomo wa wote wawili.

Kutundika hiyo kanga niliachiwa mimi. Lile gari ni kubwa, jeusi, la kizamani, la watu wenye nafasi, na kwenye nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma lina tundu la umeme la kuwashia sigara, kwa ajili ya wakubwa wanaokaa nyuma. Kiwashio chenyewe kilipotea zamani, limebaki tundu tupu la chuma. Upande wa kushoto nilifunga kanga kwenye mshikio, upande wa kulia sikuona pa kufunga, nikachukua sindano yangu moja ya kufumia, ile ya chuma, nikaichoma kwenye pindo la kanga, nikaisukuma ndani ya lile tundu mpaka ikakaza. Mama yetu akanisifu. Nawaambia mapema ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi: ugonjwa wote wa siku ile ulikuwa hapo, kwenye sindano yangu, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuujua.

Wauguzi walimbeba mama yake Rehema wakampakia, mguu wake ukalala juu ya kiti chote, nami nikajibana ukingoni. Kaka alitoa shikamoo akiwa ameutazama ukuta wa hospitali, na mama akaitikia marahaba akiwa amemtazama mbuzi aliyekuwa anapita. Tukaondoka. Hata mtaa wa Utemini hatujaumaliza, bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni akakatiza barabara, kaka akabonyeza honi, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akakanyaga breki mpaka kanga ikanipiga usoni.

"Binti," mama akaniambia, "mwulize dereva mbona hapigi honi."

"Kaka, mama anauliza mbona hupigi honi."

"Mwambie mama honi imekufa."

"Mama, honi imekufa."

"Nimesikia, nimevunjika mguu, sikuvunjika masikio. Mwulize imekufa lini."

Kumbe imekufa asubuhi ileile. Injini inanguruma vizuri, lakini honi hakuna, waipa hazisogei, na taa ndogo ya ndani haiwaki. Kaka akaamua twende hivyohivyo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nje ya dirisha akiupiga mlango kama ngoma, na kwa ngoma hiyo tulifika mpaka mwanzo wa Ikungi. Pale tukakwama, kwa sababu ilikuwa siku ya mnada na ng'ombe walikuwa wamejaa barabara yote, na ng'ombe hajali mlango unaopigwa.

Kaka akashuka, akafungua boneti, akaitoa fyuzi, akakuta imeungua. Alikuwa na za akiba tatu. Akaweka ya kwanza, ikaungua palepale, tsii. Akaja dirishani kwangu, ameinamisha kichwa asimwone mama.

"Mdogo wangu, kuna mahali umeme unagusa chuma. Honi, waipa, taa ya ndani na tundu la umeme la nyuma vyote vinakula fyuzi moja. Ningeanza kwa kukagua nyuma, lakini nyuma mimi siingii. Wewe umesoma."

Hapo ndipo ningesema kaka, mimi nilishika betri tu. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa ananitazama kwa imani ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu yeyote, na kichwa changu kikaitikia chenyewe.

Nikashuka. Wachungaji wakaanza kukusanyika na fimbo zao. "Huyu mtoto wa shule ndiye fundi?" "Lipeni maji hilo, lina kiu." "Fundi mwenyewe anatetemeka!" Nikakumbuka mwalimu alisema ukitafuta kosa tenga kitu kimoja kimoja (mpaka leo nasema wazo hilo lilikuwa sahihi), nikachomoa waya wa honi nikauacha unaning'inia, kaka akaweka fyuzi ya pili, ikaungua. Nikachomoa wa waipa, ya tatu ikaungua. Nikatoa globu kwenye tochi ya mama yetu niliyokuja nayo, nipime nayo umeme umefika wapi, nikaigusisha moja kwa moja kwenye betri ya gari, ikatoa mwanga mmoja mkali sana kisha ikawa nyeusi. Wachungaji wakapiga makofi. Nikarudi ndani kukagua, nikapapasa chini ya kiti, nikapapasa dari, nikamwomba radhi mama nipapase chini ya mguu wake. "Nisogee wapi, mwanangu," akasema kwa upole, "mguu wenyewe ni gogo." Nilikagua kila kitu isipokuwa pazia. Pazia lilikuwa heshima, nani anatafuta kosa kwenye heshima?

Fyuzi zimekwisha. Mchungaji mmoja akatoa ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akasema ameona mafundi wakiikunja na kuiweka. Kaka akakataa, akasema itaunguza gari. Nami, kwa sababu nilitaka tu yale macho ya watu yaishe, nikasema, "Itafaa kaka, mwalimu alisema inapitisha umeme." Ni kweli alisema. Hakusema inapitisha mpaka lini. Kaka akaniamini, akaiweka.

Nilikuwa nimeshaingia ndani tena.

"Binti," mama akasema taratibu, "nanusa nguo inaungua."

Nikatazama, nikaona sindano yangu imekuwa nyekundu kama kaa la moto, pindo la kanga linafuka, na moshi mweusi unatoka ndani ya nguzo ya mlango. Nikapiga kelele, nikaikamata kanga nikaivuta kwa nguvu zangu zote, ikashuka yote pamoja na sindano, na umeme ukapata njia yake, ukaenda mbele ukaukuta ule waya wa honi niliouacha unaning'inia umegusa chuma, honi ikalia. Haikulia paa mara moja kisha ikanyamaza. Ililia moja kwa moja, kama ng'ombe dume anayechinjwa, na haikukoma. Moshi umejaa, honi inalia, mama anapaza sauti, "Nitoeni! Nitoeni!" na mimi nimekumbatia kanga, siwezi hata kufungua mlango.

Kaka Yona alikuja mbio, akaufungua ule mlango, na kwa mara ya kwanza akamwona mama mkwe wake uso kwa uso. Nadhani alisimama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaingiza mikono, akambeba, plasta na yote, akamtoa nje mbele ya mnada mzima wa Ikungi. Mama akafumba macho, akajifunika uso kwa mtandio.

"Binti! Mwambie dereva asiniangushe!"

Nami bila akili nikasema, "Kaka, mama anasema usimwangushe."

"Mwambie mama simwangushi," kaka akajibu, na jasho linamdondoka juu ya plasta.

Mchungaji mmoja aliung'oa waya wa betri, honi ikakatika, lakini ilikuwa imeshawaita watu wote, na katikati ya watu hao alikuwa anakuja Mzee Njiku. Kina mama wakaleta kigoda, wakampokea mgonjwa, wakamkalisha. Moshi ukaisha wenyewe. Mzee akalitazama gari, akaitazama nguzo iliyoungua.

"Shikamoo baba," kaka akasema akiangalia chini.

"Marahaba. Nilisema mke wangu aletwe salama. Ni dereva gani huyu asiyejua gari lake lina ugonjwa gani?"

Kaka alijua, alishaiona sindano miguuni pangu. Angeweza kusema. Alinitazama mara moja tu, akarudisha macho chini, nikaelewa kwamba atamkosa Rehema na hatanitaja. Sijui miguu yangu ilinifikishaje mbele ya mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari halikuwa na ugonjwa. Ni mimi. Niliweka sindano kwenye tundu la umeme ili nitundike pazia."

"Na nani alisema wewe unajua umeme?"

"Mimi mwenyewe, baba. Kwa barua."

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mzee hakucheka. Akasema hilo la sindano ni la watoto, lakini la kubebwa ni la wazee. Akamgeukia kaka.

"Kijana, mke wangu umembeba kama nani? Kama ni dereva, dereva hubeba abiria, huna kosa, nenda zako na Mungu akubariki. Kama ni mkwe, umemgusa mama mkwe mbele ya watu, na kosa hilo lina kondoo."

Nikaona mlango wa kutokea. Nikamvuta kaka shati, nikamnong'oneza, "Sema dereva! Kaka, sema dereva!" Akauondoa mkono wangu polepole.

"Kama mkwe, baba."

"Basi utaleta kondoo Jumamosi, na uje na baba yako. Kondoo wa namna hiyo haletwi na mtu mmoja."

Nikaanza kulia hapohapo, kwamba hata baba yetu ataitwa kwa ajili ya ujinga wangu. Mama, pale kwenye kigoda, akanivuta karibu akanifuta machozi kwa pindo la ileile kanga iliyoungua. "Wewe msomi gani?" akaniambia sikioni, naye anacheka kimyakimya mpaka mguu wa plasta unatikisika. "Nani anatozwa kosa la mkwe kama si mkwe?" Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, na midomo inamcheza.

Tajiri alinuna siku mbili kwa ajili ya ile nguzo, kaka ameitengeneza. Mimi nimeapa kwamba nikiulizwa nisilolijua nitasema sijui, hata kama nitakufa kwa aibu, na jana nilipata nafasi ya kwanza, jirani alipokuja na gramafoni yake imekwama. Nikatazama chini nikasema, "Sijui." Akasema nyie wasomi mna maringo. Nikasema, "Sijui kweli, mzee." Kaka alisikia toka uani. Yupo huko muda wote siku hizi, anamlisha kondoo majani kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni, na hataki mtu mwingine amguse.