Pini ya Mlango wa Uani

Mdogo wangu Talha anapenda vitu vilivyonyooka. Tangu utotoni akikuta kandambili zimetawanyika mlangoni anazipanga mbili mbili, na ukizisogeza ananuna. Ukubwani akapata kazi ya kumfaa: ofisini kwao Mikocheni anatengeneza aplikesheni ya simu ya kuwaita wataalamu wa mazoezi waje kuhudumia wagonjwa majumbani. Mteja anaweka pini kwenye ramani, mtaalamu anaifuata. Pini yenyewe Talha aliichora mwenyewe, kimlango kidogo cha kijani, na alivyokuwa akituonyesha ungedhani kaoa.

Balaa lilianzia kwenye unyoofu wake huohuo. Wateja walikuwa wakizichomeka pini hovyo, nyingine katikati ya bwawa, naye hakuvumilia. Akaiandika aplikesheni ivute kila pini mpaka barabarani na kuigandisha hapo, isisogezwe na mtu. Ramani ikapendeza, bosi wake Fredrick akampongeza, na mie nikampa hongera zangu.

Mama yetu, Bi Tabu, akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, sauti ikabaki ndogo. Daktari alisema miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuupigania ule mkono, mazoezi yasikose. Talha akamwandikisha mama kwenye aplikesheni yao, na maelezo ya njia nikaandika mie. Sharti ni kwamba mgonjwa asipopatikana mara tatu, nafasi yake anapewa mwingine, maana foleni ni ndefu.

Nyumba yetu ya Chamazi ni kama za watu wengi wa pwani: mlango wa mbele ni wa wageni rasmi, maisha yote yako uani. Asubuhi nikienda kwenye cherehani yangu Mwananyamala nafunga mbele, namwacha mama uani kwenye kiti chake, na mlango wa uchochoroni nauegesha tu ili jirani yetu Mauwa aje kumchungulia.

Basi wiki ya kwanza wataalamu walikuja mara mbili, watu wawili tofauti, kwa sababu aplikesheni inamtuma aliye karibu. Wote pini iliwaleta barabarani, mbele ya mlango uliofungwa. Walibisha hodi, wakasubiri, wakaandika kwamba mgonjwa hayupo. Niliporudi mama alinisimulia neno moja moja.

"Niliitikia, mwanangu. Sauti haikufika."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikampigia Talha palepale.

"Wewe na kimlango chako cha kijani. Mama kaandikwa hayupo, na yupo."

"Dada, si uliandika maelezo kwamba wapitie uchochoroni?"

"Niliandika. Nani anayasoma? Na huko nyuma milango ya bati iko minne."

Nikamsikia akigonga kompyuta, akiyatafuta maelezo yangu. Kisha akasema, "Kosa ni langu," akakata simu. Talha huyo nimemlea, na neno hilo hanaga kabisa.

Talha alipotaka wateja waruhusiwe kusogeza pini, Fredrick alimwambia kwamba wakiachiwa watazichomeka hovyo tena. Talha akamjibu kuwa mwenye nyumba ndiye anayejua mlango wake. Jumamosi akaja nyumbani na toleo la majaribio kwenye simu. Akampa mama shikamoo, akakaa mkekani miguuni pake, akamwekea simu mapajani.

"Bonyeza hiki kimlango, mama, ukishikilie, halafu ukiburute mpaka hapa uani."

Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akasita, akaurudisha. Tangu augue alikuwa akila kwa mkono huo huku kageukia ukutani, mama huyu aliyetufundisha kula na kutoa kwa mkono wa kulia. Akautumia kuushika ule wa kulia, akauinua, akaweka kidole chake juu ya kioo.

Kidole kikatetemeka. Aplikesheni ikadhani anasukuma ramani, Chamazi yote ikateleza, uwanja wa mpira ukaja kusimama ilipokuwa nyumba yetu.

"Mmenihamisha," mama akasema, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue.

Talha hakucheka. Alifungua kompyuta, akaandika, akafuta, akaandika tena. Akapunguza muda wa kushikilia. Akaiambia aplikesheni isijali mtetemo. Akafanya pini ikishikwa ipande kidogo juu ya kidole, mama aone anakoipeleka. Kila akibadilisha kitu anamrudishia simu, na chai niliyowawekea ikapoa bila kuguswa. Kwenye mara ya sita au ya saba kimlango kikanyanyuka. Mama kakaza midomo, anakiburuta polepole, kikapita paa, kikapita kisima, kikatua uchochoroni kwenye mlango wetu wa bati. Kikakaa. Mie nililia, sifichi.

Mama aliruhusu tumpige video akirudia, Talha akampelekea Fredrick. Huyo bwana hakubisha tena, toleo jipya likaanza kutumika.

Jumatatu ndiyo ilikuwa mara ya tatu. Sote wawili tulibaki nyumbani, na mie nilitaka kufungua mlango wa mbele, tusicheze na bahati. Mama akakataa.

"Kesho hamtakuwepo," alisema. "Acha nione kama nafikika."

Tukakaa uani tunasubiri. Talha alikuwa anapanga kandambili. Saa nne na dakika chache tukasikia hodi, na ilitoka uchochoroni.

"Karibu," mama akaitikia. Sauti ni ileile ndogo, ila mlango uko hatua tatu tu, ikafika.

Akaingia mtaalamu aitwaye Apolonia, mgeni kabisa kwetu, mkoba begani.

"Shikamoo mama. Nyumba nyingine nazizunguka nusu saa, hii nimeletwa mpaka mlangoni. Nani kaiweka pini vizuri hivi?"

Talha akamgeukia mama. Mama akajinyoosha kitini. Aliunyanyua mkono wa kulia kutoka mapajani, wenyewe, bila kushikwa na wa kushoto, mpaka ukafika kifuani.