Dawa Tatu za Katekista Telesphori

Telesphori alikuwa na vigango vitano, baiskeli moja, na tumbo ambalo kwa miaka kumi na moja halikuwahi kumsumbua. Kila Jumapili alitoka Ushirombo alfajiri kwenda kuongoza ibada mahali ambapo Padri hufika mara mbili kwa mwaka, na kila alikokwenda alilishwa. Huku matobolwa ya viazi vikavu na karanga, kule ugali wa muhogo na mlenda, na maziwa mgando ya kusindikizia. Katekista hushukuriwa kwa sahani. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na wakristo wake walijiuliza chakula chote kile kinakwenda wapi.

Mwaka 1977, baada ya mavuno ya karanga, kikawa hakiendi. Akila matonge manne tumbo linawamba kama ngoma, anacheua mpaka anaona haya, na ugali wa mchana anausikia umekaa palepale chini ya kifua hadi jioni. Akaanza kukataa chakula. "Nimeshiba, mama, Mungu awabariki," anasema, na huyo ameshapanda baiskeli. Alidhani anawapunguzia watu usumbufu. Mtu mzima, tena mzaliwa wa hapohapo, akasahau kwamba nyumba unayokataa kula umeishitaki tayari, hata kama hukufungua mdomo. Watu wakaanza kuulizana: mwalimu wetu wa dini anamwogopa nani? Wakahesabu kurudi nyuma hadi sahani ya mwisho aliyoimaliza bila taabu. Ilikuwa ya Scolastika.

Scolastika alikuwa mjane wa kigango cha mbali kabisa, njia ya kwenda Runzewe, bibi wa miaka sabini hivi, macho mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yote. Macho mekundu huku kwetu huitwa ya mchawi, si jambo la mzaha. Miaka miwili nyuma, ajuza mwingine ng'ambo ya mto alikatwa mapanga mlangoni kwake kwa ajili ya macho kama hayo na ndama wa jirani aliyekufa ghafla, na hakuna aliyeona kitu. Telesphori ndiye aliyesoma sala za maziko. Kwa hiyo siku aliposikia jina la Scolastika likitajwa kwa sauti ya chini pamoja na tumbo lake, alijua mambo yanakoelekea. Ilibidi apone haraka, na watu wajue wazi alikuwa anaumwa nini.

Sasa nenda kaulize unaumwa nini.

Sista Mektilda, muuguzi wa misheni, alimbonyeza tumbo, akamuuliza habari za choo bila kupepesa macho, kisha akatoa chupa ya kahawia iliyokuja kwenye kifurushi kutoka Ulaya.

"Mwalimu, chakula hakivunjwi na meno peke yake," alisema. "Tumboni kuna vimeng'enya, mwili unavitengeneza wenyewe. Vyako labda vimepungua. Hivi vidonge ni vya kuongezea. Unameza kimoja ukianza kula."

"Vinatengenezwa na nini, Sista?"

"Kongosho la nguruwe."

Telesphori akaitazama ile chupa kwa heshima mpya. "Na vikiisha?"

"Utakula papai. Nalo lina kimeng'enya chake. Ila ule baada ya chakula, siyo tumbo tupu."

"Kwa hiyo ugonjwa wangu ndio huo, kupungukiwa?"

"Nimesema labda," Sista akajibu, akaita mgonjwa mwingine.

Labda! Utasimamaje mbele ya kigango kizima, watu wenye panga nyumbani, uwaambie labda? Akatoka pale na chupa mfukoni, na moyo mzito kuliko alivyoingia.

Sokoni akapita kwa Mwamvua, mama wa Kitabora aliyeuza tangawizi, iliki na habasoda, na ambaye hakuna mgonjwa aliyepita mbele ya meza yake bila kupewa ushauri.

"Tumbo lako limeingia baridi, mwalimu," alisema kabla hata hajaelezwa vizuri. "Baiskeli ya alfajiri hiyo. Chemsha tangawizi. Na mbegu za papai, utafune kijiko kizima, asubuhi, tumbo tupu."

"Sista kasema papai baada ya chakula."

"Sista kasema nyama ya papai. Mimi nasema mbegu. Mfukoni una nini?"

Akamwonyesha, akamweleza na habari za nguruwe. Mwamvua akarudisha mikono nyuma kana kwamba chupa ile inauma. "Astaghafirullahi! Nyie watu mtakufa kwa kujitakia." Lakini alimfungia tangawizi kubwa kuliko ya kawaida.

Mpaka hapo Telesphori alikuwa na papai la kula kabla na papai la kula baada, na hakuna aliyemwambia afanye nini na yale anayokula katikati. Angeishia hapo ingekuwa heri. Mkewe Anisia ndiye aliyeona dawa hizo ni za watu wasiojua ukubwa wa jambo.

"Baba Gregory, huo ugonjwa si wa papai," alisema. "Twende kwa Bujiku."

"Mimi katekista, Mama Gregory."

"Ukifa utakuwa katekista marehemu."

Wakaenda. Bujiku alikuwa mganga mtulivu, hana mbwembwe, na uani kwake siku hiyo walikuwapo watu sita wakisubiri kwenye mkeka. Alimpa Telesphori mizizi ya kuchemsha, akamwelekeza kipimo, kisha akauliza, kama anavyomuuliza kila mtu mwenye tumbo, "Mara ya mwisho kula ukashiba vizuri ilikuwa kwa nani?"

Telesphori akajifanya anafunga mizizi yake. Alijua jibu, na alijua mkeka una masikio. Anisia ndiye aliyejibu.

"Kwa Scolastika," alisema.

Bujiku alikuwa ameshamgeukia mgonjwa mwingine. Wale sita ndio waliotazamana.

Telesphori alirudi nyumbani amechanganyikiwa kabisa, na mtu aliyechanganyikiwa hachagui. Akatumia zote. Mbegu na tangawizi ya Mwamvua asubuhi, kali kama pilipili manga, kidonge cha Sista kwenye tonge la kwanza, kipande cha papai baada ya tonge la mwisho, na mizizi ya Bujiku jioni, chungu mpaka kisogoni. Siku ya tano akaamka na njaa. Njaa ya kweli! Akala ugali na maharage, akakung'uta sahani, akakaa akisubiri tumbo liwambe. Halikuwamba. Alicheka peke yake uani, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Ni ipi iliyomponya?

Maana kila dawa ilikuja na kesi yake. Kama ni kidonge, basi mwili wake tu ulichoka. Kama ni tangawizi, wa kulaumiwa ni baridi. Na kama ni mizizi ya mganga, basi alilogwa, na Scolastika amekwisha. Anisia alikwisha kuwaambia majirani kwamba ni mizizi. Telesphori alipopita kwenye kilabu cha pombe, vijana wa kigango cha Scolastika walikatisha mazungumzo wakamwamkia kwa adabu iliyozidi. Aliogopa adabu ile kuliko matusi.

Akajaribu kupata ukweli. Aliacha mizizi siku mbili, tumbo likatulia. Akafurahi. Akaacha na vidonge, likatulia. Akaacha papai, likajaa mchana kutwa. Ahaa, papai! Kesho yake hakutumia chochote, wala papai, na tumbo likanyamaza kama la mtoto aliyelala. Keshokutwa akatumia zote tatu, likamjaa tena. Tumbo lile halikuwa na nia ya kutoa ushahidi kwa mtu yeyote.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa ya kigango cha Scolastika. Baada ya ibada, mzee wa kigango akasimama mbele ya watu wote.

"Mwalimu, tumesikia umepona. Tunamshukuru Mungu. Umepona kwa dawa gani?"

Scolastika alikuwa amekaa nyuma, peke yake kwenye gogo ambalo zamani lilikuwa linakaliwa na watu wanne. Telesphori alitafuta ukweli ndani yake akaukosa. Hakuujua, basi.

"Papai," alisema.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Hawakuamini. Nani huku amewahi kusikia watu wanatibiwa kwa papai? Akaona jinsi wanavyoondoa macho kwake na kuyapeleka kule nyuma, akatambua kwamba neno halitatosha.

"Leo nitakula kwa Mama Scolastika," alisema. "Anayetaka kunisindikiza, karibu."

Walimsindikiza, si kwa upendo, kwa kutaka kuona. Walijipanga uani huku bibi akikoroga ugali jikoni.

"Shikamoo, mama," Telesphori alisema bibi alipotokeza na sahani.

"Marahaba, mwalimu."

Akamnawisha mikono kama siku zote. Miaka kumi na moja, akishamnawisha, Scolastika hurudi jikoni akamwacha mgeni ale. Siku hiyo hakurudi. Alipiga magoti, akamega tonge la kwanza yeye mwenyewe, akachovya kwenye mlenda, akatafuna taratibu na kumeza. Kisha akafungua kinywa wazi, kisicho na meno, akawageukia watu wote waone hakuna kilichobaki.

Telesphori aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Hakuna aliyemwagiza bibi yule kufanya vile. Ni yeye, kwa kuruka ruka na baiskeli yake na "nimeshiba, mama," aliyemfikisha hapo.

"Kula sasa, mwanangu," Scolastika alisema.

Akala. Tonge la tatu tumbo likaanza kunguruma, la sita likawamba, mkanda ukambana, jasho likamtoka mgongoni. Hakujua ni ugali, ni hofu, au ni kweli kuna kitu. Alikaa wima, akafuta sahani kwa kidole, akaiinua ili wale waliosimama nyuma nao waione.

"Niongeze, mama," alisema.