Mstaafu Anawashwa

Mama yangu hajui kukaa. Ukimwona kwenye kiti, ujue anafunga kamba za viatu. Chai yake huinywa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na akisikia kishindo upande wa pili wa mtaa, kikombe kinawekwa popote, hata juu ya friji, na mwenyewe keshaondoka. Zamani nilidhani ni bidii. Siku hizi namwambia ni ugonjwa, naye anacheka na kuniuliza kama nimeshaanua nguo.

Kazi yake ni kutunza farasi kwenye shule ya kupanda farasi, pale lami inapoishia. Anafagia mabanda, anabeba maji, anasafisha kwato, anachana singa. Kazi inamfaa, maana farasi hawakosi jambo. Huyu kajikwaa, yule kavimba goti, mwingine kagoma kula, na mama anazunguka kati yao kama pia. Asiye na shida mama hamwoni. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Mimi ni kifungua mimba wake. Sijawahi kulazwa, sijawahi kufukuzwa shule, saluni yangu haijawahi kukosa wateja, kwa hiyo tangu utotoni nimekuwa kama ukuta wa nyumba: upo, nani auangalie? Mdogo wangu, kitinda mimba, yeye alikuwa na tumbo. Lilimshika kila palipokuwa na vyombo vya kuosha, na mama alikuja mbio kumsugua kwa kiganja mpaka alale. Sasa ana ndevu na mke, na bado anapiga simu kusema kifua kinambana.

Basi kulikuwa na farasi mmoja mzee, kahawia, mwenye mvi usoni na mgongo uliobonyea katikati kama godoro la nyumba ya wageni. Watoto wengi wa mji walijifunza kupanda juu ya mgongo huo. Magoti yalipochoka akaachwa apumzike, na wafanyakazi wakamwita Mstaafu. Alipewa zizi dogo la nyuma, lenye nguzo na hori la maji. Hakuna mtoto aliyemjia tena. Aliyekuwa akifika huko ni mama tu, na ndoo yake, akipita.

Mvua zilipokatika akaanza kujikuna. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye nguzo, akasugua shina la mkia, kulia kushoto, kulia kushoto, nguzo ikilia. Singa zikakatika, ngozi ikabaki wazi, kisha ikatoka damu. Daktari wa mifugo, bwana mmoja mpole asiyevua kofia, alikuja akakwangua ngozi, akatoa damu, akatafuta kupe, chawa, utitiri na minyoo. Aliambulia patupu. Wakabadilisha nyasi, wakaondoa maranda ya mbao chini wakaweka majani makavu, wakaacha kumwogesha kwa sabuni. Mstaafu akaendelea kujisugua. Kila mtu alikuwa na dawa yake, kuanzia mlinzi wa geti hadi mteja wangu mmoja ambaye farasi amewaona kwenye televisheni tu, na zote mama alizijaribu.

Kilichomtuliza ni vidole vya mama peke yake. Akisikia nguzo inalia alikuwa anatupa alichoshika na kukimbia, kama ni ndoo ni ndoo, kama ni chakula chake ni chakula chake. Anamkuna shingoni, mgongoni, kuzunguka kidonda, na mzee anarefusha mdomo wa juu na kufumba macho kwa raha. Mama akigeuka tu kuondoka, nguzo inalia tena.

Ndipo mwenye shule akamwita pembeni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kidonda kimekaa wazi muda mrefu, inzi wameanza kukizoea, na joto linakuja. Kisipofunga kabla ya joto, daktari ataleta sindano ya kumpumzisha milele, maana kumwacha mnyama mzee aliwe na funza akiwa hai si huruma.

Kuanzia hapo mama akawa hashikiki. Alitoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Mezani alikula vijiko viwili akainuka kwenda kukagua mlango aliokwisha kuufunga. Mikono yake ilikuwa inakuna hewa, na mimi kumtazama tu nikaanza kuwashwa kichwani, mimi msusi, nikajichunguza kwenye kioo nikidhani nimepata chawa. Sikuwa na huruma na farasi. Niliona wivu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku moja nilifunga saluni mchana nikampelekea chakula, kwa sababu hakuwa amegusa chai. Nilipitia nyuma, kwenye stoo ya nyasi, nikamwona Mstaafu kabla hajaniona. Alikuwa amesimama kivulini katikati ya zizi. Mguu mmoja wa nyuma ameulegeza, mkia umening'inia, mdomo wa chini umelala. Inzi walitua, akatikisa ngozi, basi. Nilisimama pale mpaka chakula kikapoa, na hakujikuna hata mara moja. Kisha ikasikika ndoo ya mama ikija kwenye njia ya kokoto. Masikio yakasimama. Akainua kichwa, akatazama upande wa kokoto, akarudi kinyumenyume taratibu mpaka kwenye nguzo, na kuanza. Mama akatupa ndoo, akaja mbio.

Nilimtambua pale pale. Alikuwa mdogo wangu mtupu.

Nilimwambia mama huku anakuna. Nilimweleza nilichokiona tangu mwanzo, kwamba huyu akiwa peke yake haumwi na chochote, ila anajua ukimwona amesimama salama utampita. Mikono ya mama iliendelea kukuna. Halafu akasema, bila kunitazama, "Unamwonea wivu farasi?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Lakini nilichokiona nimekiona."

Hakula chakula kile. Jioni yake, hata hivyo, alimpigia daktari simu, nikasikia anaeleza kila kitu kama kakigundua yeye, nami nikaacha iwe hivyo. Daktari alifika akasimama stoo, akasubiri, akaona. Alikiri kwamba hajui. Huenda mwanzoni palikuwa na mdudu kweli, mdudu akaondoka, mzee akabaki na faida. Huenda bado kuna kitu ambacho vipimo vyake havikioni. Ila kujaribu hakudhuru. Alipaka kidonda dawa inayofukuza inzi, akatoa sharti moja: akijisugua, mtu asimwendee, akitulia, aendewe.

Nilikwenda kumsindikiza mama kwenye jaribio hilo, maana nilijua peke yake hataweza. Tulikaa nje ya uzio juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, mahali anapotuona. Mstaafu alisugua. Akageuza kichwa kumtazama mama, akasugua tena, kwa nguvu zaidi, nguzo ikayumba na damu ikaonekana. Mama alikuwa ameikalia mikono yake. Goti lake lilikuwa linatikisika mpaka ndoo ikawa inagongagonga chini.

"Anaumia," akasema.

"Naona."

"Wewe una roho ngumu."

"Nimezoea kusubiri," nikamwambia, na sauti ikanitoka vibaya kuliko nilivyotaka.

Akanigeukia. Alinitazama hivi, muda mrefu, mpaka nikainamisha uso. Hakuinuka. Ndani ya uzio nguzo ililia, ikanyamaza, ikalia kidogo, ikanyamaza. Mstaafu alisimama akiwa amechanganyikiwa, akapiga chafya, akaenda kunywa maji. Hapo ndipo mama akanyanyuka, akatembea polepole kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, akapita chini ya uzio na kumkuna shingoni huku mzee akinywa.

Haikuwa siku moja, na haikwenda sawa. Kuna siku alishindwa akakimbia, kazi ikaanza upya, tukagombana kwa simu. Kuna siku Mstaafu alisugua hata asipoonekana mtu, na daktari akakuna kofia. Lakini kidonda kilianza kukauka kandokando, kisha kikaota gamba, na joto lilipofika singa fupi ngumu zilikuwa zimechomoza kama ndevu za kijana. Mwenye shule hakuitaja tena sindano. Mpaka leo hakuna anayejua kilichokuwa kinamwasha.

Baadaye, katikati ya wiki, saa za mchana ambapo kazi hupoa, nilikuwa namsuka mteja mmoja mlango ukafunguliwa, mama akaingia. Ana viatu vya kazi, amefunga kitambaa kichwani. Nikamuuliza nani anaumwa. Akasema hakuna. Nikauliza habari za kitinda mimba, akasema mzima, amepiga simu asubuhi kuhusu kifua, amemwambia atampigia akitulia. Mstaafu je? Anakula.

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema mama. "Nimekuja kukaa."

Akakaa kwenye kiti cha pembeni. Alishika gazeti, akaliweka. Alitazama feni, akatazama sakafu yenye nywele, nikaona jicho linatafuta fagio, kisha akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja. Goti likaanza. Hakuondoka. Nami nikafumua msuko mzima na kuuanza upya, na nilifurahi kiasi kwamba niliona aibu.

Mteja alimwangalia kwenye kioo, akaniuliza kama huyo mama naye yumo kwenye foleni. Nikamwambia hapana, huyo amekuja kwangu.