Sindano ya Kabla ya Kisu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo sipendi kuisimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, maneno mengi, shule kidogo. Dada yangu Zaitun, mke wa fundi wa masufuria pale Katwe, alikaa na uchungu siku mbili, mtoto amelala kiubavu. Hospitali wakasema wanampasua. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza, na unajua huku kwetu anayeuguza ndiye anayebeba kila kitu: beseni, shuka, chai, hata dawa. Nesi akanipa kichupa chenye unga mweupe, akaniagiza nikikabidhi kwenye mlango wa upasuaji, unga uchanganywe na maji, dada achomwe kabla ya kisu.

Nikajiona mjanja. Dawa ya kidonda, na kidonda chenyewe hakipo? Nyumbani unga wa dawa tulinyunyiza juu ya kidonda mpaka kinakauka. Basi nikakifunga kichupa kwenye pindo la nguo, nimwekee mpaka kidonda kipatikane.

Mlangoni nesi mwingine, mbio mbio, akauliza, "Nyabo, bibie, sindano amechomwa?"

"Amechomwa, musawo," nikajibu, ndivyo tunavyowaita wauguzi na madaktari. "Kule wodini."

Uongo ule ulinitoka kama chafya.

Mtoto alitoka mzima, nikapiga vigelegele. Siku ya tatu nikafunua bandeji kwa siri, nikanyunyiza unga wangu. Siku ya nne Zaitun akawaka homa, anatetemeka hadi kitanda kinalia, na kidonda kinatoa harufu. Akanishika mkono. "Mtoto wangu usimpe mtu mwingine," akasema.

Asubuhi ile daktari akawauliza manesi kuhusu ile sindano. Wakapekua karatasi, wakatazamana. Mimi nikajifanya nakunja shuka. Niliogopa shemeji, niliogopa polisi, niliogopa kuitwa muuaji.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja Mkongo akimuuguza binti yake. Jioni alinisogelea. "Nilikuona na ule unga. Utasema weye, ao nitasema miye?"

"Wataniua, mama."

"Watakugombeza. Anayekufa ni huyu."

Nikamwendea daktari, nikasema. Daktari hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema vijidudu huingia pale pale ngozi inapofunguliwa, kwa hiyo dawa lazima ivitangulie ndani ya damu. Kunyunyiza juu baadaye ni kazi bure. Wakamrudisha Zaitun ndani, wakamfungua tena, wakamsafisha. Kizazi kilikuwa kimeoza, wakakitoa. Alipona, lakini yule mtoto akawa wa kwanza na wa mwisho. Zaitun alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Sasa wewe wiki ijayo unapasuliwa, na nimekusikia ukisema dawa utaanza ukishaona kidonda. Koma. Ukifika hospitali uliza waziwazi, "Sindano ya kabla ya kisu nimechomwa?" Wakikununia, uliza tena. Ukiwa na mwili unaokataa dawa fulani, waambie mapema. Na daktari akisema dozi imetosha, imetosha. Usiende duka la dawa kule Ntinda kujiongezea vidonge kwa woga, siku utakapovihitaji kweli vitagoma kukusaidia. Na ukikosea, sema saa ile ile. Mimi, tangu daktari aulize, nilichelewa nusu siku tu, na sitajua kamwe nusu siku ile ilimnyang'anya dada yangu watoto wangapi.

Mungu akupitishe mlango ule umelala, akurudishe ukiulizia chakula.