Burl Teter na Magazini za Kiitaliano

Burl Teter alipoingia dukani kwa Nadine Propst kununua bunduki fupi, alikuwa na miaka sabini na minne, na macho yake yalikuwa yamekwisha kumsaliti. Ncha ya bastola aliiona kama ukungu tu. Bunduki fupi yenye darubini ndogo, inayopiga risasi zile zile za bastola, ingemrudisha kwenye shabaha za Jumamosi kule machimbo ya zamani. Hilo, watu wa bonde zima walimkubalia. Kilichowashinda ni ukaidi wake juu ya magazini, vile vikasha vya kuwekea risasi.

"Chukua hii, Mzee Burl," alisema Nadine. "Inameza magazini za ile bastola ya Austria. Kila mtu anazo. Ukizisahau nyumbani, jirani atakuazima."

"Nataka inayomeza za Kiitaliano."

"Bastola ya Kiitaliano huna!"

"Nimesema ninayo?"

Nadine akaweka magazini mbili juu ya kaunta, ubavu kwa ubavu, kama anayemfundisha mtoto. Risasi ni za aina moja, lakini magazini hii nene, ile nyembamba. Pengo la kushikia la hii liko huku, la ile kule. Bunduki iliyotengenezewa moja haiikubali nyingine hata uipige nyundo.

Jamaa mmoja aliyekuwa akipekua simu akadakia, "Babu, huku mtandaoni wote wanaiponda hiyo unayoitaka."

"Na hao wote ndio watakaobeba jeneza langu?"

Jamaa akarudi kwenye simu yake. Ndivyo wanunuavyo siku hizi: wanamuuliza mtu wasiyemjua, anayeishi wasikokujua. Babu zao bondeni humo walibeba bastola na bunduki fupi zinazopiga risasi za aina moja, mkanda mmoja kiunoni ukizilisha zote mbili, na mwenzako akiishiwa ulimpa kutoka mkanda huo huo. Mtu alichagua bunduki kwa kumtazama atakayesimama naye.

Burl alikuwa akimtazama Wendell Crites.

Wendell aliendesha greda la barabara za kaunti miaka thelathini na moja, na kwa muda karibu huo huo amepiga shabaha bega kwa bega na Burl. Bastola yake ni ya Kiitaliano, kama aliyopewa jeshini, na hataki kusikia nyingine. Lakini baridi yabisi imevikunja vidole gumba vyake. Mwezi Agosti Burl alimkuta nyuma ya gari lake, akisukuma risasi kwenye magazini huku meno ameyauma. Ya tano iliruka majanini. Burl akanyoosha mkono amsaidie.

"Ondoa mkono wako! Siku nitakapojaziwa magazini kama mtoto anayelishwa uji, nitakaa nyumbani nimenye viazi."

Burl akamnunulia kile kifaa cha plastiki cha kujazia. Wendell akakitumia kuzuilia dirisha la jikoni lisijifunge. Kisha zikapita Jumamosi tatu hakuonekana, na Burl alikuwa amezika watu wa kutosha kujua mzee anayeanza kukaa nyumbani anaelekea wapi.

Bunduki iliagizwa, ikachukua wiki sita. Jumamosi ya kwanza Burl alikwenda kumtoa Wendell kwake kwa nguvu, akidai anahitaji mtu wa kumwangalizia risasi zinagonga wapi. Bastola Wendell aliibeba kwa mazoea, bila risasi hata moja. Burl akapiga magazini nne, kisha akaketi kwenye mlango wa nyuma wa gari, ulioshushwa kama benchi, na kula mkate wake wenye soseji ndani, polepole mno.

"Zimebaki sita, na zimejaa," alisema. "Bega limeniuma. Zikae tu hadi wiki ijayo."

Wendell akageuka. Askari wa enzi yake waliamini kwamba springi ikilala imebanwa inakufa. Vijana wanasema ni upuuzi, na huenda ni kweli, lakini vijana hawajawahi kumwambia Wendell chochote akasikia.

"Zikae? Unataka kuua springi mpya?"

"Nifanyeje? Bega."

Wendell akaokota moja, akaipima kiganjani, akasoma maandishi yake. Akaitazama bunduki ya Burl. Akamtazama Burl, aliyekuwa ameshughulika sana na mkate. Kisha akaichomeka magazini kwenye bastola yake, ikaingia ikalia *klik*, akaenda mstarini. Mabati matano ya shabaha yakaanguka. La sita akalikosa, akalitukana matusi ya barabarani.

Alizimaliza magazini zote sita. Aliporudi alizitupa, tupu, kando ya Burl.

"Umenunua bunduki mbaya, wewe bwege."

"Najua."

"Ile ya Austria ingekufaa zaidi."

"Nadine aliniambia."

Wendell akafunga koti, vifungo vikimsumbua, na Burl akatazama kwingine hadi alipomaliza.

"Jumamosi ijayo jaza nane," alisema Wendell. "Na usinijie na habari za bega."