Utumbo Uliogoma Kuvuta

Mama mdogo wangu alikuwa fundi cherehani miaka kumi na mitatu kabla ya kuingia maabara. Walimwajiri kwa ajili ya wepesi wa vidole vyake. Anafunga uzi kwenye kipande cha utumbo wa panya, chembamba kama tambi, bila kukichana. Kipande kinaning'inia ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na uzi wa juu umeshika kalamu. Utumbo ukijikunja, kalamu inapanda.

Siku niliyompelekea miwani aliyoisahau nyumbani, kalamu ilikuwa imelala. Mstari wake kwenye karatasi umenyooka kama rula.

"Umekaza uzi mno, Mama Fundi, umekiua," alisema kijana wa utafiti, yule wanayemwita Chapuchapu. "Na ndicho cha mwisho! Kazi ya wiki nzima imekwenda na maji." Koleo lilikuwa tayari mkononi, akitoe akitupe.

"Weka koleo chini, mwanangu. Nimevalisha maharusi mimi, leo nije niue utumbo?"

Akaona nimetoa macho, akanieleza. Kwenye msuli kuna vipokezi, ndiyo viti vya dereva. Kemikali ya ujumbe ikikaa kitini, msuli unavuta. Sasa ile dawa waliyotia asubuhi imekalia viti vilevile na kuendesha haijui. Gari haliendi, dereva kasimama nje.

"Ila madereva wakijazana mlangoni," alisema, "huyo asiyejua ataachia kiti."

"Tutajaza na nini?" Chapuchapu akauliza. "Ujumbe umebaki matone mawili. Na utumbo una kimeng'enya kinachoukatakata kabla haujafika."

"Basi tukifunge mikono hicho kimeng'enya."

Akatia dawa ya kukizuia. Tukangoja dakika kumi. Chapuchapu alizunguka meza mpaka nikasikia kizunguzungu mimi. Kisha mama mdogo akadondosha yale matone mawili.

Kalamu ikatikisika. Ikapanda kidogo, ikasita, halafu ikakwea kama mbuzi kaona majani.

"Kinavuta! Mama Fundi, kinavuta!"

"Kisivute kina nini? Kilikuwa kizima tangu asubuhi."

"Nisamehe, mama. Nilikutukania mkono."

"Nimekusamehe. Sasa chukua daftari uandike: saa tano kasorobo, kipande ni kizima. Na uandike kwa herufi kubwa, Daktari mkuu wa maabara asome bila kuinama."

Akaandika, ulimi ukiwa nje kama mtoto wa chekechea.